Tumpime Homa Kabla ya Kumhukumu

Nyumba za kambini zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kwa sababu hiyo hakuna jambo la jirani lisiloonekana. Bwana fulani amepita asubuhi bila kusalimu; basi ana majivuno. Mkewe hakufika matangani. Basi ana roho mbaya. Askari kijana ameomba aondolewe katika doria. Huyo ni mwoga. Hukumu hutolewa kabla chai haijapoa, na mshitakiwa mwenyewe hajui kwamba ameshitakiwa.

Hata wakubwa hawakusalimika na tabia hii. Mwezi wa Agosti mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yakipigana na Wajerumani na Waitalia katika kisiwa cha Sicily. Tarehe 3 ya mwezi huo Jenerali George Patton, mkuu wa Jeshi la Saba la Marekani, alizuru hospitali ya vitani. Alipokuwa akiwapa pole majeruhi, alimkuta askari mmoja, Charles Kuhl, hana bendeji wala jeraha. Akamwuliza ameumia wapi. Kijana akajibu kwamba hakuumia, ila vita vimemshinda. Jenerali akapandwa na hasira, akamwita mwoga, akampiga usoni kwa glovu zake, akamkamata ukosi na kumtoa hemani kwa teke.

Waganga walipompima baadaye walikuta homa ya digrii 39 hivi, vijidudu vya malaria katika damu yake, na ugonjwa wa kuhara uliokuwa umemkaa kwa muda mrefu.

Sisi wa nchi hizi hatuhitaji kuelezwa malaria humfanya nini mtu mzima. Lakini jenerali hakuuliza. Siku mbili baadaye alitoa amri kwamba askari wa namna hiyo wasipelekwe hospitali, bali washitakiwe kwa woga. Tarehe 10 akampiga askari wa pili, Paul Bennett, tena akamtishia kwa bastola. Huyu wa pili alikuwa mgonjwa, tena rafiki yake alikuwa amejeruhiwa. Na yeye mwenyewe alikuwa ameomba asiondolewe kikosini, ila mganga ndiye aliyemwamuru kwenda hospitali. Yaani aliyeitwa mwoga alikuwa amesihi abaki vitani.

Ni rahisi sasa kumgeukia Patton na kumhukumu yeye. Lakini Kuhl, miaka mingi baadaye, alisema kwamba kwa maoni yake jenerali alikuwa amechoka mno siku ile, na kwamba huenda naye alikuwa na ugonjwa ule ule wa uchovu wa vita. Aliyepigwa teke ndiye aliyetafuta sababu ya mpigaji! Wachache wetu wangeweza.

Kwa nini huwa vigumu hivyo? Kila mmoja wetu huzijua sababu zake mwenyewe, lakini kwa mwenzake huona kitendo tu. Mimi nikichelewa kazini, ni kwa ajili ya mvua na mtoto mgonjwa. Wewe ukichelewa, u mvivu. Wataalamu wa nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1977 Lee Ross alilipa jina la kosa la msingi katika kueleza matendo ya watu.

Kosa hilo limewahi kuua. Harry Farr, askari wa Uingereza, alilazwa hospitali miezi mitano mwaka 1915 kwa mshtuko wa mizinga. Mikono yake ilitetemeka hata ikabidi muuguzi amwandikie barua za kumpelekea mkewe. Alirudishwa vitani, na mwaka 1916 aliposema hawezi tena kwenda mbele, alishitakiwa kwa woga. Kesi yake ilikwisha kwa dakika 20 hivi, bila mtu wa kumtetea. Akapigwa risasi tarehe 18 Oktoba. Mjane wake akanyimwa malipo ya wajane wa askari, akabaki na binti mdogo pamoja na aibu isiyokuwa yake. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 93 mwaka 2006, Serikali ya Uingereza ilipotoa msamaha kwa askari 306 waliouawa namna hiyo.

Turudi nyumbani kwetu. Bwana aliyerudi kutoka operesheni huenda akashtuka mlango ukibamizwa, akapiga kelele usingizini, akakaa kimya mbele ya chakula. Mama watoto huwaza: hanipendi tena, ana mwingine huko alikotoka. Naye bwana akikuta fedha zimekwisha kabla ya mwisho wa mwezi hudhani mkewe ni mbadhirifu, wala haulizi bei ya unga iliyopanda alipokuwa hayupo. Wote wawili wana ushahidi, na wote wawili wamekosea.

Wako watakaosema kwamba upole huu utaharibu nidhamu. Hoja hiyo ina uzito, maana kuelewa sababu si kufuta kosa. Bwana anayempiga mkewe kwa sababu ya ndoto za vita hana budi kuzuiwa, na mke huyo ana haki ya kwenda kwa mkubwa wa kikosi siku hiyo hiyo. Jenerali Eisenhower alionyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Alimkaripia Patton kwa barua kali na kumtaka aombe radhi kwa wale aliowapiga. Naye akafanya hivyo. Lakini hakumfukuza jeshini, na mwaka uliofuata Patton aliongoza Jeshi la Tatu nchini Ufaransa.

Kwa akina mama na mabwana wanaoishi na mtu aliyebadilika ghafula, jambo la kwanza ni namna ya kuuliza. Swali la “Una nini wewe siku hizi?” lina shitaka ndani yake, na hujibiwa kwa ukali au kwa kimya. “Umelalaje?” hujibiwa. Jibu likiwa ni lile lile kwa wiki kadhaa, kwamba hakulala, mfuateni mganga wa kikosi pamoja, nyote wawili, kabla majirani hawajamaliza kesi yao.