Ziara ya miguu na watoto: Shimoni, Mombasa, Tanga au Unguja?

Mzazi wa Vanga anayetaka kuwatembeza watoto wake katika mji wa kale, kwa miguu na kwa kuongozwa na mtu anayeujua mji huo, ana njia nne. Kuna Shimoni na Wasini, hapa hapa Kwale. Kuna Mji wa Kale wa Mombasa na Fort Jesus. Kuna Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Na kuna Mji Mkongwe wa Unguja, ambao kila mtoto amewahi kuusikia. Gede na Lamu nimeziacha makusudi: ni miji ya thamani kubwa, lakini kwa anayeanzia ncha hii ya kusini, safari yenyewe humla mtoto kabla hajaona kitu.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni kiingilio. Mimi naona ndilo la mwisho. Kiingilio ni fungu dogo kuliko yote, na bei yake haijifichi. Pesa huondoka kwenye nauli, chakula na malazi. Na mwongozaji, ambaye wengi humkwepa ili waokoe kidogo, ndiye anayeamua kama watoto watarudi na habari ya kusimulia au na miguu inayouma tu.

Kabla ya kulinganisha, gawa gharama mafungu mawili: zile zinazolipwa kwa kila kichwa na zile zinazolipwa kwa kundi zima. Nauli, kiingilio na sahani ya chakula ni za kichwa. Mwongozaji na mashua ya kukodi ni za kundi. Kwa hiyo familia kubwa huumia kwenye nauli na kufaidi kwenye mwongozaji. Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 5.

Fort Jesus, kiingilio kilichozoeleka kwa raia wa Kenya ni shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto wa chini ya miaka 16. Familia yetu ya watu watano haizidi 700. Mgeni wa kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa mara kadhaa ya hizo, ndiyo maana mzazi asisahau kitambulisho: bei ya raia ni ya aliyethibitisha kuwa ni raia. Ulizia bei ya sasa kabla ya kutoka, na uwe na pesa kwenye simu, maana taasisi za serikali siku hizi hupokea malipo kwa njia ya simu.

Sasa mwongozaji. Kwa saa mbili, moja ndani ya ngome na moja vichochoroni, mimi naona mapatano ya kati ya shilingi 1,000 na 2,000 kwa familia nzima ni ya haki kwa pande zote mbili. Tukichukua 1,500, ni shilingi 300 kwa kichwa. Ukijumlisha na kiingilio, ziara yote ni 2,200. Mtu aliyewasafirisha watoto watatu zaidi ya kilomita 100 halafu akaokoa 1,500 langoni amefanya hesabu mbaya.

Nasema hivyo kwa sababu ngome ile haijielezi yenyewe. Mtoto akiingia peke yake ataona kuta na mizinga. Yupo mwongozaji mmoja niliyemwona akiwapeleka watoto moja kwa moja kwenye ukuta wenye michoro ya Wareno, meli zilizochorwa kwa makaa na udongo mwekundu na watu waliokaa pale zamani. Akachutama ili awe kimo chao.

"Baba, hii meli ni ya nani?" akauliza binti mdogo.

"Ni ya mtu aliyetamani kurudi kwao, mwanangu. Hebu hesabu milingoti."

Akahesabu. Baada ya hapo hakuna aliyewakimbiza wale watoto. Wao ndio waliomkimbiza mwongozaji. Akawaeleza kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, kwamba aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, akiwatumikia Wareno, na kwamba mwaka 1631 sultani kijana, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka akamuua kapteni wao ndani ya kuta hizo hizo. Kisha mzingiro wa Waomani, kuanzia 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi yakiwamaliza waliokuwa ndani, na meli ya msaada, Santo António de Tanná, ikazama chini ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa humo vimo katika makumbusho. Waingereza nao waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Mwongozaji wa namna hiyo hapatikani kwa kuokotwa. Ukifika langoni utazungukwa na vijana, wengine wanajua kazi, wengine wamekariri miaka tu. Uliza leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo wanaofanya kazi hii kihalali wanayo. Muulize pia: utawaambia nini hawa watoto? Anayekujibu wewe huku hajawatazama watoto, mshukuru, mwache. Halafu patana mambo matatu kabla ya kupiga hatua: bei ni ya kundi au ya kichwa, ni saa ngapi, na mtapita wapi. Ugomvi karibu wote wa mwisho wa ziara hutokana na moja ya hayo matatu. Na mkubaliane wazi kwamba hamtaki kupelekwa dukani. Kituo cha duka humla mtoto nusu saa.

Baada ya ngome, ziara njema huteremka Ndia Kuu, ikapita Leven House, nyumba iliyochukua jina la meli ya Waingereza ya wakati wa Kapteni Owen, mwaka 1824, ikaona Msikiti wa Mandhry, kisha Bandari ya Zamani. Njia hii ni fupi na ina vivuli vya roshani. Anza saa mbili asubuhi, ngome inapofunguliwa. Ijumaa mchana iache. Watu wana ibada yao, na vichochoro si vya kupanga mistari ya wageni.

Njiani kuna akiba mbili ambazo watu husahau. Feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, gari ndilo linalolipa. Mwenye gari anaweza kuliacha Likoni mahali salama akavuka na watoto. Ya pili ni kulala kwa jamaa. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Vanga inawezekana, lakini wa miaka mitano atakuwa amelala begani kabla ya Ukunda. Karibu kila nyumba ya Vanga ina shangazi au binamu Likoni; usiku mmoja kwake unaipa safari nzima thamani nyingine. Kumbuka pia kwamba tuktuk hubeba abiria watatu nyuma, kwa hiyo watu watano ni tuktuk mbili, kwenda na kurudi.

Shimoni ni habari nyingine. Mapango yale yanaendeshwa na jamii ya hapo, na mapato yake hurudi kijijini, kwenye masomo na afya. Kiingilio ni kidogo na mwongozaji ni mwenyeji. Anakuonyesha mahali ambapo masimulizi yanasema watumwa walifungwa wakisubiri vyombo vya kwenda Unguja, na wazee wengine husema palikuwa pia maficho wakati wa mashambulizi. Kwa mtoto wa miaka mitano giza na popo ni vingi kuliko historia. Wa miaka 14 atanyamaza njia nzima ya kurudi. Watayarishe kabla ya kuingia. Karibu na hapo kuna jengo la enzi za ukoloni lililofanywa makumbusho ya habari za utumwa, na kumbukumbu kwamba Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwahi kuweka makao Shimoni kabla Mombasa haijatawala kila kitu.

Kuvuka Wasini ndiko kunakogharimu. Hapo bei ni ya mashua, na mwenye mashua husema bei ya chombo kizima au ya kichwa kulingana na anavyokuona. Wewe uliza zote mbili, uchague. Hakikisha kila mtoto ana jaketi la kuokolea la kimo chake, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Kisiwa hakina magari, na njia ya mbao iliyo juu ya bustani ya matumbawe inaendeshwa na kina mama wa kisiwani, wanaotoza ada ndogo. Kwa wenye kutaka kuzamia katika hifadhi ya bahari ya Kisite, ada ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ni mbali na ya chombo. Ukitajiwa bei moja ya jumla, uliza kama ada hiyo imo. Likizo ya Agosti kusi bado inavuma na mkondo wa Wasini una mawimbi. Desemba, kaskazi ikishaingia, bahari hutulia. Kwa hiyo Agosti nenda Mombasa kwa barabara, Desemba nenda Wasini.

Tanga iko karibu nasi kuliko Mombasa, jambo ambalo wengi wa Vanga wanalijua kwa biashara na harusi, si kwa kutembeza watoto. Mji una boma la Wajerumani, mitaa mipana, na nje yake mapango ya Amboni na makaburi ya Tongoni. Nauli ni nafuu. Gharama iko kwenye karatasi: Tanzania haimo katika mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda wa kusafiri kwa kitambulisho pekee, kwa hiyo kila mmoja, hata mtoto, anahitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa watu watano ambao hawana chochote cha hivyo, ada na siku za kufuatilia huzidi faida yote ya ukaribu. Kwa wenye pasi tayari, Tanga ndiyo nafuu kuliko Mombasa, na langoni uliza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki.

Unguja ni pazuri, hilo sibishani. Mji Mkongwe uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, na ziara ya miguu kutoka Ngome Kongwe hadi kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, inastahili kila senti. Lakini tiketi za boti kutoka Dar es Salaam zina bei ya raia na bei ya mgeni, na ya mgeni hutajwa kwa dola. Familia ya watu watano huihisi. Beit al-Ajaib, jengo ambalo wengi hulifuata, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo ulizia hali yake kabla ya kumwahidi mtoto. Na asikushawishi mtu kuvuka kwa chombo kisicho rasmi ili uokoe nauli.

Wapo wanaoweka akiba kwa ajili ya Ulaya, Lisbon kwa mfano, walikotoka walioijenga ngome yetu. Kule ziara nyingi za miguu hutangazwa kuwa za bure, na mwongozaji huishi kwa bakhshishi ya mwisho. Ni kulipa tu kwa jina jingine. Ila kabla ya kufika huko kuna viza ya Schengen: tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na kwa mwenye miaka 12 na zaidi, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya hapo. Familia yetu ingelipa yuro 315, na ombi likikataliwa hazirudi.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa familia isiyo na pasi, Mombasa ndiyo ya kwanza, na Shimoni na Wasini ya pili msimu wa kaskazi. Tanga ni ya wenye karatasi tayari. Unguja ingoje hadi mdogo wa nyumba afikishe miaka minane au tisa, atakapoweza kutembea saa tatu na kukumbuka alichokiona. Na kama mwaka huu mfuko haufiki popote, Vumba Kuu, makao ya kale ya madiwani, yaani watawala, wa Vumba, ni jirani yetu hapa Vanga. Mtafute mzee anayezijua habari zake, mwandalie chai na mahamri, mkabidhi bahasha ya heshima kwa muda wake kama ungemlipa mwongozaji wa Mombasa, na uwapeleke watoto asubuhi kabla jua halijakaza.