Mtoto Anataka Kusoma Informatiki: Je, Mashine Itamwachia Kazi?

Wasomaji wetu wa Kamituga hawahitaji kuelezwa jinsi mashine inavyoingia katika kazi ya watu. Zamani mawe ya dhahabu yalitwangwa kwa mikono na akina mama, wale waitwao «twangaises». Miaka ya 2010 zikafika mashine za kusaga, na akina mama wengi wakabaki na kinu bila mawe. Mwenye shimo hakupoteza kitu.

Sasa jambo la namna hiyo limefikia kazi ambayo wazazi wengi wa Uvira, Baraka na Fizi wanaitumainia kwa watoto wao, ndiyo kazi ya kuandika programu za kompyuta. Mtoto amepata diploma ya serikali, anasema: «Papa, mimi nataka informatiki.» Baba anahesabu minerval, anaanza kufikiri kuuza kiwanja. Ndugu, kabla ya kuuza, soma kwanza.

Mashine inafanya nini?

Programu ni maagizo ambayo mtu anaandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Ukimtumia mama yako franka kwa telefone, kuna programu inayopunguza kwako na kuongeza kwake. Zamani kila mstari uliandikwa na mtu. Halafu mwaka 2021 kampuni GitHub, ambayo ni mali ya Microsoft ya Marekani, ikaonyesha chombo kiitwacho Copilot. Novemba 2022 ikatokea ChatGPT. Mashine hizi zimelishwa programu nyingi mno zilizoandikwa na watu, na kutokana na hizo zinakisia mstari unaofuata. Wewe unaeleza kwa maneno ya kawaida kitu unachotaka, nayo inakuandikia. Siku hizi nyingine zinaandika, zinajaribu na kusahihisha zenyewe, mtu anatazama tu.

Lakini kukisia si kujua. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha New York waliipa Copilot kazi za kujaribu usalama, wakapata programu 1,689. Karibu 40 kwa mia zilikuwa na tundu ambalo mwizi angeweza kupitia. Na mwanzoni mwa 2025 watafiti wengine wa Marekani walipima waandishi 16 wenye uzoefu mkubwa. Wenyewe walidhani mashine imewaharakisha kwa 20 kwa mia; saa ilionyesha walichelewa kwa 19 kwa mia. Vyombo vimesonga mbele tangu hapo, ni kweli, lakini jambo la kujidanganya namna ile linafaa kukumbukwa.

Nani anaguswa kwanza?

Wachimbaji wa makaa ya Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege mdogo katika tundu lake. Hewa ya sumu isiyo na harufu ikiingia, ndege analegea kwanza, watu wanakimbia. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986. Agosti 2025 watafiti wa chuo cha Stanford walichukua jina la ndege hao kuwa jina la utafiti wao juu ya kazi huko Marekani. Ndege wenyewe ni vijana: kati ya waandishi wa programu wenye miaka 22 mpaka 25, walioajiriwa walipungua karibu 20 kwa mia toka mwisho wa 2022 mpaka Julai 2025. Wakubwa wao hawakupungua hivyo. Wataalamu wengine wanasema mashine si sababu pekee, kwani makampuni yaliajiri kupita kiasi wakati wa Covid na mikopo ikapanda bei.

Huku kwetu Afrika dalili ilikuwako hata kabla ya mashine. Kampuni Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014, ilifundisha vijana na kuwakodisha kwa makampuni ya ng'ambo. Ilifungua Nairobi, Kampala na Kigali. Septemba 2019 ikawaachisha vijana karibu 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maana wateja walitaka wenye uzoefu tu.

Hapo ndipo penye uchungu. Shimoni kijana mpya anaanza kwa kubeba mifuko na kuvuta maji, na huku anabeba, anajifunza kutambua jiwe. Katika programu pia mgeni alipewa kazi ndogo ndogo, na ndizo hizo mashine inazichukua leo. Sasa atakuwa mkubwa kwa njia gani?

Sisi hatusemi mtoto aache. Tunasema asiende kununua karatasi tu. Mzazi, kabla ya kulipa, ingia shuleni uulize: wanafunzi wanagusa kompyuta saa ngapi kwa juma? Wanaandika programu, ao wanakopi ubaoni? Na wewe kijana, tumia mashine kama mwalimu: ikikuandikia mistari, iulize kila mstari unafanya nini, halafu ufunge, uandike mwenyewe. Copilot ina sehemu ya bure toka Desemba 2024, haidai dola.

Tena kuna kazi ambayo mashine haiifahamu vizuri. Duka la Uvira linauza kwa franka na kwa dola, mara nyingine kwa faranga za Burundi, mtandao unakatika, mwenye duka anaandika madeni katika kaye, mteja anaongea Kifuliru ao Kibembe. Anayeweza kukaa na mama huyo sokoni, asikie shida yake, halafu amtengenezee programu inayofanya kazi hata umeme wa Ruzizi ukipotea, huyo hajapata mshindani bado.