Je, Wajua? Ukipiga 115 anaweza kuja dereva wa kijijini

Nchini Tanzania, 115 ni namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022. Gari la wagonjwa likikosekana, mratibu humtuma dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Basi msikae kuchangishana nauli kwanza.

Kazi ngumu ni kueleza mlipo. Kwa mfano, mkoani Kigoma wengi bado husema “Mtendeli, Kibondo”, wakati Mtendeli iko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Tena jina hilo wengine hulisikia wakafikiria iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofunguliwa upya Januari 2016 na kufungwa 2021. Kwa hiyo anza na wilaya, kisha kata, kijiji na kitongoji, umalizie na kitu ambacho hata mgeni atakiona usiku: zahanati, shule, kanisa, mnara wa simu. “Pale kwa Mzee Fulani” ni anwani ya wenyeji tu. Kama mvua imekata njia, sema gari lipitie wapi.

Halafu hali ya mgonjwa: mimba ya miezi mingapi, uchungu umeanza saa ngapi, anatoka damu, amepata kifafa? Usikate simu wewe kwanza. Mtume kijana mwenye tochi akasimame barabarani.

Moto ni 114, polisi 112. Nazo hazihitaji vocha.