Baiskeli na Ugonjwa wa Parkinson: Kipimo, Zoezi na Usafiri katika Ludara, West Nile

Ikisiri

Makala haya yanaeleza nafasi ya baiskeli katika maisha ya mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, na yanalitazama suala hilo kutoka Ludara, kata ya Wilaya ya Koboko iliyo kaskazini mwa Arua nchini Uganda. Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonesha kuwa wagonjwa wengi huendelea kumudu baiskeli hata kutembea kunapokuwa kugumu, na kuwa kuendesha kwa nguvu na kwa utaratibu husaidia kudhibiti dalili za mwendo. Katika jamii ambayo baiskeli ni chombo cha kazi, matokeo hayo yana uzito wa pekee: mgonjwa anaweza kunyang'anywa baiskeli kwa huruma wakati bado inamfaa. Makala yanapendekeza hatua tano kwa watunga sera, ya kwanza ikiwa swali moja linaloweza kuulizwa katika kituo chochote cha afya.

1.0 Utangulizi

Ugonjwa wa Parkinson umepewa jina la tabibu Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Hutokea pale chembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini zinapokufa polepole. Dopamini ikipungua, mwili huchelewa kuitikia amri: mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika, sauti hufifia na maandishi huwa madogo. Dawa kuu, levodopa, ilianza kuleta mafanikio makubwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Dawa hiyo hupunguza dalili, lakini haiuondoi ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani waliishi na ugonjwa huu, na kuwa idadi yao ilikuwa imeongezeka maradufu katika kipindi cha miaka 25. Kwa kuwa huwapata zaidi wenye umri mkubwa, nchi ambazo watu wake wanazidi kuishi hadi uzeeni hazina budi kuutarajia zaidi.

Kwa Afrika Mashariki, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Dotchin na wenzake (2008) waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000. Walipatikana 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na mganga yeyote wa hospitali kuwa wana Parkinson. Wagonjwa hao walikuwa wakiishi na ugonjwa usio na jina, na hivyo usio na dawa. Fundisho hilo la Hai ndilo msingi wa hoja za makala haya: tiba yoyote, ikiwemo ya baiskeli, hutanguliwa na utambuzi.

2.0 Ugonjwa na majina yake

Mshana na wenzake (2011) walipowahoji wagonjwa na jamaa zao huko huko Hai, waligundua kuwa ugonjwa ulijulikana kwa dalili yake tu, yaani kutetemeka. Baadhi waliuhesabu kuwa uzee, wengine waliuhusisha na uchawi, na wengi walipitia kwa waganga wa jadi au kwa viongozi wa dini.

Nchini Uganda suala la jina lina historia yake. Katika Buganda, kutetemeka kwa mwili kumehusishwa na buko, maradhi yanayoaminika kumpata aliyevunja mwiko wa heshima baina ya wakwe. Mgonjwa anayeaminika kuwa na buko hubeba aibu juu ya maradhi, na aibu humweka ndani ya nyumba. Ndiyo sababu chama cha Waganda wanaoishi na ugonjwa huu kilijiita Parkinson's Si Buko: jina lenyewe ni somo la afya ya umma.

Kwa upande wa West Nile, lugha ya elimu hii ina mipaka mingi ya kuvuka. Koboko, iliyopata hadhi ya wilaya mwaka 2005, inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa, Walugbara na Wanubi huishi na kufanya biashara pamoja, na makazi ya Lobule yamewapokea wakimbizi kutoka Kongo. Kiswahili kinasikika sokoni, mpakani na kambini. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022 wa kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi unafungua mlango wa kukitumia, sambamba na Kikakwa na Kilugbara, katika mabango na mafunzo ya wahudumu wa afya. Istilahi zinazohitajika si nyingi: kutetemeka mkono ukiwa umetulia, kukakamaa, kupungua kwa wepesi, na kuganda kwa hatua.

3.0 Miguu inayoganda, miguu inayozunguka

Kuganda kwa hatua ni miongoni mwa dalili zinazotesa zaidi. Mtu hufika mlangoni au penye kona, na nyayo zikawa kama zimegandishwa sakafuni. Mwaka 2010, daktari Bastiaan Bloem na Anke Snijders wa Uholanzi walichapisha taarifa ya mgonjwa mwenye umri wa miaka 58, aliyekuwa ameugua kwa miaka kumi. Mtu huyo aliweza kutembea hatua chache tu kabla ya kuanguka, lakini alipopanda baiskeli aliiendesha bila shida, akageuka na kurudi. Aliposhuka, akaganda tena.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba pedali zinazozunguka humpa mwendeshaji mdundo kutoka nje ya ubongo wake. Katika kutembea, kila hatua huhitaji amri mpya ya kuanza. Katika baiskeli, mguu mmoja unaposhuka humwinua mwenzake. Inawezekana pia kuwa ubongo husimamia kutembea na kuendesha kwa njia zinazotofautiana, na ugonjwa ukaathiri njia moja mapema kuliko nyingine.

Kutokana na hali hiyo kulipatikana kipimo cha kitabibu. Aerts na wenzake (2011) waliwafuatilia wagonjwa wenye dalili za kufanana na Parkinson ambao chanzo chake hakikuwa kimethibitika. Miongoni mwa waliokuwa waendeshaji kabla ya kuugua, wale waliokuja kuthibitika kuwa na Parkinson ya kawaida karibu wote walikuwa bado wanaendesha. Wale wenye magonjwa mengine ya jamii hiyo, ambayo huharibu mizani ya mwili mapema na huitikia levodopa kwa uchache, takribani nusu yao walikuwa wameacha. Swali la kama mgonjwa bado anaendesha baiskeli likawa na thamani mbele ya daktari.

Swali hilo linafanya kazi tu katika jamii ambayo watu wamezoea baiskeli tangu ujana. Uholanzi ni jamii ya namna hiyo, na vijiji vya West Nile pia. Katika kituo cha afya cha kata, ambako hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo, swali lisilo na gharama lina faida kubwa zaidi kuliko hospitali yenye kila kifaa. Hata hivyo, mhudumu anapaswa kuuliza pia sababu ya kuacha. Mtu anaweza kuacha baiskeli kwa maumivu ya nyonga, kwa kupungukiwa na macho, au kwa kuwa mwanawe amenunua pikipiki.

4.0 Baiskeli kama zoezi

Mwaka 2003, mtafiti Jay Alberts wa Marekani alishiriki safari ya wiki nzima ya kuvuka jimbo la Iowa, akiwa kwenye baiskeli ya waendeshaji wawili pamoja na rafiki yake mwenye Parkinson. Iligunduliwa njiani kuwa mwandiko wa rafiki huyo umekuwa bora, ingawa mikono haikuwa imefanya kazi yoyote. Utafiti uliofuata (Ridgel na wenzake, 2009) ulihusisha wagonjwa kumi kwa wiki nane. Waliokuwa wakivutwa na mwenzao kwenda kasi kuliko walivyozoea kwa takribani asilimia 30 walipata nafuu ya asilimia 35 katika kipimo cha dalili za mwendo. Walioendesha kwa kasi yao wenyewe hawakupata nafuu hiyo. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini swali lililoibuliwa lilikuwa kubwa.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Uholanzi mwaka 2019. Van der Kolk na wenzake waliwagawa wagonjwa 130 wenye dalili nyepesi katika makundi mawili. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyosogea nyumbani, dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Jingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Wote walipimwa wakiwa hawajameza dawa. Dalili za mwendo za kundi la baiskeli zilibaki karibu pale zilipokuwa, ilhali za kundi la pili ziliongezeka waziwazi. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa baiskeli huzuia kufa kwa chembe za ubongo. Uliothibitisha ni kuwa mtu anaweza kushika nafasi yake kwa nusu mwaka kwa jasho lake mwenyewe, na hilo kwa mkulima ni msimu mzima wa kazi.

Mashine ya mazoezi haipatikani Ludara, lakini mfano wake upo katika kila soko. Mnoa visu huiegemeza baiskeli yake kwenye stendi ya nyuma, gurudumu likaning'inia, kisha akakanyaga pedali bila kwenda popote. Baiskeli nzito za mizigo zenye stendi pana ya miguu miwili zinaweza kutumika vivyo hivyo kwa mgonjwa ambaye mizani yake haimruhusu kwenda barabarani, mradi stendi ikazwe, iwekwe juu ya ardhi tambarare, na mtu mwingine awepo. Njia hiyo inawafaa pia wale ambao hawakujifunza kuendesha, wakiwemo wanawake wengi wazee.

5.0 Safari ndefu na masharti yake

Kwa anayemudu barabara, umbali hupatikana kwa kuongezwa kidogo kidogo. Mwendo wa kilometa 12 kwa saa kwa dakika 40 ni kilometa nane, umbali wa kwenda sokoni au kanisani. Anayeimudu safari hiyo mara tatu kwa wiki amefikia muda uliotumika katika utafiti wa Uholanzi, endapo anakanyaga kwa nguvu ya kumfanya apumue kwa kasi. Kutoka Koboko hadi Arua ni takribani kilometa 55, safari ya kuandaliwa kwa miezi na kufanywa na mwenzi. Mwenzi anayetangulia kwa kasi thabiti humpa mgonjwa mdundo wa kuufuata.

Masharti ya usalama yanatokana na ugonjwa wenyewe. Hatari kubwa iko katika kupanda, kusimama na kushuka, wakati miguu inapotakiwa kubadili kazi ghafla. Kiti kishushwe ili nyayo zote mbili ziguse ardhi, na fremu isiyo na mtaimbo wa juu ipendelewe. Mzigo usifungwe nyuma. Safari ianze wakati dawa imeanza kufanya kazi. Kwa baadhi ya wagonjwa, mlo wenye protini nyingi, kama maharage au nyama, huizuia levodopa kufyonzwa vizuri, hivyo dawa imezwe takribani nusu saa kabla ya kula. Shinikizo la damu huweza kushuka mtu anaposimama, na jua la West Nile huongeza hatari hiyo. Maji na kivuli ni sehemu ya tiba. Mwenye maruweruwe, anayesahau njia au anayeanguka mara kwa mara asipelekwe barabarani.

Barabara nayo ni sharti. Lami ya kutoka Arua kupitia Koboko hadi mpaka wa Oraba imerahisisha biashara na Sudan Kusini, na imeleta malori yaendayo kasi. Mwendeshaji anayechelewa kuitikia honi anahitaji nafasi yake pembeni.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Baiskeli haichukui nafasi ya dawa. Lakini familia inayomwona mzee akitetemeka na kuificha baiskeli yake, kwa nia njema kabisa, huenda ikawa imemwondolea zoezi linalomfaa, usafiri wake, na heshima ya kujiendea mwenyewe. Pikipiki ya bodaboda humfikisha kliniki, lakini miguu yake hufika haijafanya kazi. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba:

(i) Wahudumu wa vituo vya afya na timu za afya za vijiji wafundishwe kumuuliza kila mtu mzima anayetetemeka au aliyepungua mwendo kama alikuwa akiendesha baiskeli, kama bado anaendesha, na kama ameacha, kwa nini. Kisha wampeleke hospitali ya rufaa ya Arua kwa uthibitisho.

(ii) Levodopa pamoja na kabidopa, ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, zipatikane kwa mfululizo katika hospitali za wilaya.

(iii) Mwongozo mfupi wa mazoezi ya baiskeli, ya barabarani na ya kwenye stendi, uandaliwe kwa Kiswahili, Kikakwa na Kilugbara, kwa kushirikiana na wagonjwa wenyewe.

(iv) Sera ya Uganda ya usafiri usio wa mitambo ya mwaka 2012 itekelezwe katika barabara za West Nile kwa kutenga njia za pembeni za waendao kwa miguu na kwa baiskeli.

(v) Mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa neva, wa 2022 hadi 2031, utumiwe kama msingi wa kuanzisha utafiti wa nyumba kwa nyumba katika Koboko na Arua kwa mfano wa Hai.

Pendekezo la kwanza halihitaji bajeti ya kifaa chochote. Linaweza kuanza katika kliniki ya wiki ijayo.