Kabla ya kuzama kina kirefu, pima mwili na moyo wako
Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI ya Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye mdogo liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa, likatumbukia majini. Lilitolewa Oktoba 11. Lilikuwa limelala kwenye kina cha mita 58.

Katika siku zile za kungoja, wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji walisemwa vibaya kote nchini. Pengine hata wewe, msomaji, uliuliza kwa nini mtu aliyefunzwa kuzama ashindwe kushuka tu na kulitoa gari. Lilikuwa swali la uchungu, na familia ilikuwa na haki ya kupata jibu. Lakini jibu lenyewe limo ndani ya mwili wa binadamu, na kila anayetamani kujifunza uzamiaji wa kina kirefu lazima alijue kwanza.

Mwili unavyobanwa

Kila unaposhuka mita 10 baharini, mgandamizo juu ya mwili wako huongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa tunachobeba tukiwa nchi kavu. Kwa hiyo kwenye mita 58 unabanwa karibu mara saba. Hewa unayovuta kutoka mtungini nayo hubanwa vivyo hivyo, na mtungi ambao ungekutosha saa nzima karibu na uso wa maji huisha kwa dakika chache.

Kisha kuna gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa. Kuanzia mita 30 hivi, huanza kumlevya mzamiaji kama pombe. Anaweza kucheka ovyo, kusahau kutazama saa, au kuona kila kitu ni shwari hali yuko hatarini. Naitrojeni hiyohiyo huyeyuka na kuingia katika damu na misuli. Mzamiaji akipanda haraka, hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, na hata kifo.

Ndiyo maana uzamiaji wa burudani huishia mita 40. Kwenye kina kama kile cha Likoni, meza za Jeshi la Wanamaji la Marekani humpa mzamiaji kama dakika 5 tu, muda wa kushuka ukiwemo. Akizidisha hapo, ni lazima asimame njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke polepole. Hawezi kukimbilia juu hata akishikwa na hofu.

Je, wewe uko tayari?

Mafunzo ya uzamiaji wa kitaalamu humfundisha mtu kubeba mitungi kadhaa yenye michanganyiko mbalimbali ya gesi. Makosa hapa hayana msamaha. Oksijeni tupu, kwa mfano, haifai kuvutwa chini ya mita 6. Ukishika mtungi huo kimakosa ukiwa chini zaidi, unaweza kupatwa na degedege na kuzama.

Kwa hiyo jiulize maswali haya kabla hujalipa karo.

Kwanza, afya yako ikoje? Mwone daktari umweleze ukweli wote. Pumu, kifafa, maradhi ya moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, pafu lililowahi kutoboka na upasuaji wa masikio ni mambo yasiyofichwa. Mwenye mimba asizame kabisa. Hata mafua ya kawaida yanatosha kukuzuia siku hiyo, kwa sababu masikio hayatafunguka.

Pili, umezama mara ngapi? Shirika la PADI, kwa kozi yake ya kwanza ya kitaalamu, hudai umri wa miaka 18 na angalau mara 30 zilizoandikwa katika daftari. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kipimo bora ni hiki: je, unaweza kukaa palepale majini bila kupanda wala kushuka, huku mikono yako ikifanya kazi nyingine? Kama huwezi, bado.

Tatu, unaweza kuacha? Mzamiaji mzuri ni yule anayeweza kusema "leo sizami" mbele ya wenzake wote, hata kama nauli ya mashua imekwisha kulipwa.

Neno kwa watu wa milimani

Wewe uliyezaliwa Suneka, ukafanya kazi Pwani na ukapenda bahari, una jambo la ziada la kuzingatia. Suneka iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na basi la kutoka Nairobi kupitia Narok hupita mahali penye zaidi ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na gesi iliyobaki mwilini baada ya kuzama inaweza kugeuka mapovu.

Wataalamu wa usalama wa uzamiaji hushauri usubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, ikiwa umezama mara moja bila kulazimika kusimama njiani. Ukiwa umezama mara nyingi au siku kadhaa mfululizo, ngoja saa 18. Baada ya uzamiaji wa kina kirefu wenye vituo vya kusimama, ngoja zaidi ya hapo. Wengi huchukua saa 24 au zaidi. Hesabu hiyohiyo ihesabu kwa safari ya kupanda milima kwa gari. Krismasi nyumbani haitakimbia.

Na usidhani Ziwa Viktoria ni salama zaidi kwa kuwa liko karibu. Uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari. Meza za baharini hazitumiki pale bila kurekebishwa.

Ukikosolewa

Sasa tuje kwenye moyo. Kila mafunzo ya aina hii huwa na kikao baada ya kutoka majini. Mwalimu atakueleza mbele ya wenzako kwamba ulipanda haraka, kwamba hukutazama kipimo cha gesi, kwamba ulimwacha mwenzio. Utaona haya. Moyo utadunda, pumzi itakwenda mbio, na ulimi utatafuta kisingizio.

Hali hiyo usiipuuze, maana ndiyo hiyohiyo itakayokujia chini ya maji mambo yakiharibika. Mtu apumuaye haraka akiwa chini humaliza gesi yake na kujaza kaboni dayoksaidi mwilini, na hofu huzidi. Anayejifunza kutulia akikosolewa ufukweni anajifunza kutulia kwenye mita 40.

Fanya hivi. Toa pumzi polepole mara tatu kabla ya kujibu. Uliza, "Ni kitendo gani hasa nilichokosea?" Andika jibu. Tenganisha ukali wa sauti na ukweli wa neno, kwani mtu mkali aweza kuwa na haki, na mpole aweza kukudanganya. Usijibu jambo zito siku hiyohiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Lakini si kila lawama ni somo. Mwalimu aliyekuona majini ana la kukufunza. Umati ulio ukingoni mwa mto Gucha, ukikusukuma uingie kumtafuta aliyezama kwa kuwa tu unajulikana kuwa mwogeleaji, hauna. Watakuita mwoga, na aliyezama huenda ni jamaa yako. Itakuuma. Hata hivyo, bila mafunzo, vifaa na mwenzio wa kukusaidia, utaiongezea familia msiba wa pili. Simama, waite wenye ujuzi, uvumilie maneno.

Wazamiaji wa Likoni walisemwa, wakaendelea kushuka kwa hesabu. Siku nyingine ukisikia kwamba uokoaji majini unachelewa, kumbuka zile dakika 5. Na ukiamua kujiunga nao, anzia kwa daktari wako wiki hii.