Timu Inayojengwa Upya Iimarishe Nafasi Ipi?

Kila mwaka, wanafunzi wa Kidato cha Nne wanapomaliza mitihani yao ya Novemba, timu nyingi za mpira wa kikapu mashuleni hupoteza nguzo zake. Januari mwalimu wa michezo huanza na wachezaji wachache wazoefu, wageni kadhaa, na saa chache za mazoezi kwa juma. Je, aimarishe kwanza nafasi ipi? Wengi hujibu kwa macho tu: humchukua mwanafunzi mrefu kuliko wote. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba swali hili lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe haizidi kutoa, kuzidisha na kujumlisha.

Timu ya kikapu ina nafasi tano: mchezeshaji, anayeupandisha mpira na kuugawa, mlinzi mfungaji, mshambuliaji mwepesi, mshambuliaji wa nguvu, na senta, anayelinda chini ya kikapu. Kwa kanuni za kimataifa mchezo huchukua dakika 40. Kwa hiyo kila nafasi ina dakika 40, na timu nzima ina dakika 200 za kugawa. Dakika hizo haziongezeki hata timu ikiwa na mabingwa kumi.

Mfano mashuhuri unamhusu Mtanzania. Katika msimu wa 2008-09 timu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilishinda michezo 24 tu kati ya 82. Mwaka 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA, timu hiyo ilikuwa ya pili kuchagua. Ilimchagua Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Lakini Memphis ilikwisha kuwa na senta kijana, Marc Gasol, aliyemaliza msimu wake wa kwanza kwa wastani wa pointi 11.9 kwa mchezo. Mchezo wa NBA una dakika 48. Katika msimu wa 2009-10 Gasol alicheza wastani wa dakika 35.8, Thabeet akapata 13. Ni wazi kwamba kijana huyo alipewa mabaki ya nafasi iliyokwisha kujazwa.

Julai 2009 timu hiyo hiyo ilimpata Zach Randolph, mshambuliaji wa nguvu, katika nafasi iliyokuwa dhaifu. Yeye alicheza wastani wa dakika 37.7, akafunga pointi 20.8 na kudaka mipira 11.7 inayorudi kutoka kikapuni. Msimu huo Memphis ilishinda michezo 40. Ongezeko hilo halikuletwa na mtu mmoja, lakini fundisho ni bayana: mkulima hapeleki samadi pale mahindi yalipokwisha kustawi, bali pale yalipopauka.

Sasa tuandike kanuni. Faida ya mchezaji mpya ni ubora wake, toa ubora wa yule anayempisha, zidisha kwa dakika atakazocheza. Tuchukue shule ya kubuni huko Ringwani, wilayani Serengeti. Mwalimu amewapa wachezaji waliobaki alama kati ya 0 na 10: mchezeshaji 4, mlinzi mfungaji 6, mshambuliaji mwepesi 5, mshambuliaji wa nguvu 3, senta 7. Wamekuja wageni wawili wa Kidato cha Kwanza. Mmoja ni senta mrefu wa alama 8. Wa pili ni mshambuliaji wa nguvu wa alama 6. Mwalimu ana muda wa kumfundisha mmoja tu, naye atacheza dakika 30. Faida ya senta ni (8 − 7) × 30, yaani 30. Faida ya mshambuliaji ni (6 − 3) × 30, yaani 90. Mchezaji mwenye alama ndogo ndiye mwenye faida kubwa, mara tatu zaidi.

Hata hivyo, msomaji makini atauliza: je, mwakani? Tuseme senta wa alama 7 yuko Kidato cha Nne, na akiondoka atabaki msaidizi wa alama 2. Mwaka wa pili faida ya senta mgeni itakuwa (8 − 2) × 30, yaani 180. Kwa miaka miwili senta ataleta 210, na mshambuliaji, ambaye faida yake haibadiliki, ataleta 180. Jibu limegeuka, ingawa hakuna aliyeongeza wala kupunguza ustadi. Kilichogeuka ni muda tunaoupigia hesabu.

Hapa ndipo penye ugumu wa kuijenga timu upya. Timu inayotaka kombe mwaka huu hutazama pengo la leo. Inayojengwa hutazama pia pengo la kesho. Tena, upungufu wa leo usitupofushe tusione kipaji kikubwa. Memphis ilikuwa na walinzi vijana, Mike Conley na O. J. Mayo, lakini miongoni mwa walinzi waliobaki baada ya uteuzi wake alikuwamo Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba na kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016. Tofauti ya ubora ikiwa kubwa mno, hulipa hata katika nafasi isiyo tupu.

Alama zenyewe zisitolewe kwa upendeleo. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuandika, kwa kila mchezaji na kwa kila dakika kumi, pointi alizofunga, mipira iliyorudi aliyoidaka, na mipira aliyoipoteza. Michezo mitano au sita itatoa wastani unaofaa kuanzia.

Zoezi: Katika mfano wetu, kama msaidizi wa senta angekuwa na alama 4 badala ya 2, mwalimu amchague nani kwa miaka miwili? Na kwa alama ipi wageni hao wawili wangelingana?