Mzazi Mmoja Akienda Kusoma: Hesabu za Nyumba Yenye Meko Mawili



Tangu msimu uliopita wamefika ofisini wanachama kadhaa wakiuliza jambo moja. Mume au mke amepata nafasi ya chuo Dar es Salaam, mwenziwe anabaki kisiwani na watoto na mikarafuu. Je, fedha zitatosha, na zigawanywe vipi? Bwana mmoja alikuwa amekwisha kumpata mtu wa kupokea shamba lake rahani. Nilimwomba asubiri siku chache, nikaona afadhali niandike, maana jambo hili limepita nyumbani kwangu, na mengi nitakayoyasema ni makosa yangu mwenyewe.

Mama watoto alisoma stashahada ya uhasibu Dar es Salaam tangu Oktoba 2018 hata katikati ya mwaka 2020. Mimi nilibaki Pemba na watoto watatu, mikarafuu, na kazi hii ya ukatibu. Tulidhani kwamba nyumba imepungua mtu mmoja, basi na matumizi yatapungua. Kumbe nyumba haikupungua bali ilizaa nyumba ya pili. Meko yakawa mawili, na kila moja likataka kuni zake.

Nianze na meko ya Kariakoo. Wanafunzi wengi kutoka visiwani hupenda kupanga huko, na sababu yao ni njema. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichofunguliwa mwaka 1965, na Taasisi ya Teknolojia, iliyopo makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed, vyote viwili hufikiwa kwa miguu, na Muhimbili nayo si mbali. Mwenye kupanga Mbagala au Gongo la Mboto atapata chumba rahisi, lakini nauli ya kila siku na saa anazokaa barabarani zitaila ile nafuu yote.

Ila kodi ya Kariakoo ina meno. Chumba kilikuwa Sh. 70,000 kwa mwezi, naye alikipanga pamoja na mwanafunzi mwenziwe, kwa hiyo fungu letu lilikuwa Sh. 35,000. Nikaandika Sh. 35,000 katika hesabu ya mwezi wa kwanza, nikalala usingizi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya mji ule, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Zikatoka Sh. 210,000 siku moja, kabla hajanunua hata godoro. Tena mwezi wa Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, hata vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, mama watoto alikuwa Pemba na chumba kilikuwa Kariakoo kikilinda ndoo na jiko la mafuta, kodi imekwisha kulipwa. Hakuna aliyeturudishia senti.

Chakula ndicho kilichotupa nafuu, na hapo sifa ni zake, si zangu. Walikuwa wanawake wanne katika nyumba ile, wakachanga fedha wakanunua mchele na maharage kwa bei ya jumla, na mboga walinunua jioni wauzaji wanapotaka kwenda zao. Mimi nilimpelekea nazi na dagaa kwa boti. Chakula cha mama lishe alikula siku za mitihani tu.

Wengi hudhani hatari ya Kariakoo ni ughali. Mimi naona ni urahisi. Mtu hupita Mtaa wa Congo, akaona viatu vya watoto kwa bei ya jumla, akanunua jozi tatu kwa nia njema kabisa, na nauli ya boti ya likizo ikawa imekwenda. Baada ya kutokewa na hayo mara mbili tulipatana kwamba kitu chochote cha watoto kinunuliwe baada ya kupigiana simu.

Fedha nazo nilikuwa nikizituma kwa simu kidogo kidogo, leo Sh. 10,000, keshokutwa Sh. 15,000, kila anapoomba. Kila safari ina ada yake, na ada ya kutoa huko aliko, na fedha ndogo hukatwa sehemu kubwa zaidi kuliko fedha nyingi. Isitoshe, kuomba kila siku kunamwondolea mtu heshima yake. Mwaka wa pili nilituma mara moja kwa mwezi, tarehe ya kwanza, naye akajua namna ya kuikata mwenyewe.

Sasa meko ya nyumbani. Hapa ndipo wanachama wengi wanapokosea hesabu, maana kazi ya aliyeondoka haikuwa na bei alipokuwapo. Msimu wa 2019 nilijikuta namlipa mtu kuchambua karafuu na makonyo, na mwingine kukaa na majamvi ili mvua ikitokea aanue. Miaka yote kazi hizo alizifanya mama watoto na jamaa zake usiku baada ya chakula, na mimi sikupata kuziandika popote. Karafuu ikichelewa kuanuliwa hupoteza rangi, na ikipoteza rangi hushuka daraja, na tofauti ya daraja ni fedha. Dada yangu alihamia kwetu kuwaangalia watoto. Yeye hakutaka mshahara, lakini anakula, anavaa, na sikukuu haiwezi kupita mikono mitupu. Haya yote ni gharama za masomo, ijapokuwa hayakuandikwa katika barua ya chuo.

Basi nilikaa nikapiga hesabu ya mwaka kwa karafuu badala ya shilingi, nami nawashauri wanachama wafanye hivyo. Ada ya mwaka ilikuwa Sh. 1,200,000. Kodi Sh. 420,000. Chakula na matumizi ya miezi kumi, Sh. 1,500,000. Boti za likizo na mizigo, Sh. 180,000. Jumla ni Sh. 3,300,000. Wakati ule Shirika lilinunua daraja la kwanza kwa Sh. 14,000 kilo. Maana yake ni kilo 236 kavu, safi, kabla ya watoto wangu kula wala wachumaji kulipwa pishi zao. Mtu akiliona gunia analielewa kuliko tarakimu.

Tena kuna shida ya kalenda. Chuo hufungua Oktoba au Novemba, na mkarafuu ukikubali, wakati huo fedha ipo mkononi, na mwenye fedha mkononi hudhani ataendelea kuwa nayo. Kipindi cha pili huanza kiasi cha Machi, chuo kinataka nusu ya pili ya ada, mwenye nyumba anataka miezi yake sita, na shambani hakuna kitu ila magugu na mvua za masika. Tena kila mwenye shamba ajua kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Ukizaa sana leo, mwakani huenda ukapumzika. Masomo ya miaka miwili hayawezi kutegemea msimu mmoja mwema.

Mwezi wa Machi 2019 sikuwa na kitu, na mtihani ulikuwa karibu. Nilimwendea mtu, jina lake halina haja, akanipa Sh. 420,000 ili msimu ukifika nimpelekee kilo 60 kavu. Ni Sh. 7,000 kwa kilo. Kilo zile zile baada ya miezi michache zilikuwa na thamani ya Sh. 840,000. Yaani kwa kukosa kuweka fedha ya Machi katika mwezi wa Novemba nilipoteza kodi ya mwaka mzima. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walizama katika madeni ya namna hii mpaka serikali ya wakati ule ikapitisha sheria za kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji. Baadhi ya familia zetu zinajua ni miti ipi iliyokwenda.

Wako vijana watakaoniambia kwamba Kariakoo karafuu huuzwa rejareja kwa vipakiti, na hesabu ya vipakiti vile kwa kilo inashawishi. Mwanachama asidanganyike. Karafuu ya Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2014, na mwenye kukamatwa na magendo atalipia masomo ya mawakili.

Msimu ulipofika miti yangu ilizaa vibaya. Yake ilizaa. Mama watoto ana mikarafuu kumi na miwili aliyoirithi kwa marehemu baba yake, nami nilimpigia simu nikasema tuchukue humo zile kilo 60. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba watoto, miti ni yangu na masomo ni yangu, ya chuo nitatoa. Lakini deni lile hukuniuliza ulipolichukua. Chukua kilo, ila uandike.”

Niliona uchungu, sikatai. Lakini alikuwa na haki. Mimi si kadhi, nimesoma chuoni kama wengine, hata hivyo sote tunajua kwamba mali ya mke ni yake, na chakula cha watoto ni juu ya baba yao. Na aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, wala haikuwatoa mume na mke. Kwa hiyo tuliandika daftari lenye kurasa mbili: ukurasa wa zawadi, ambao haudaiwi, na ukurasa wa deni. Mashahidi walikuwa dada yangu na shemeji zangu wawili. Tangu siku ile maneno ya fedha kwenye simu yalipungua, tukapata nafasi ya kuulizana habari za watoto.

Kuhusu mikopo ya serikali, mwenye kusoma shahada aombe mapema kwa Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, au kwa bodi ya Zanzibar iliyopo tangu 2011. Kwa stashahada mlango wa Bodi ya Tanzania Bara ulifunguliwa mwaka 2023, tena kwa fani chache, ndiyo maana sisi hatukupata. Akopaye huko akumbuke kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Fungu hilo liandikwe nalo katika ukurasa wa deni.

Mwaka wa pili, siku ile ile niliyolipwa na Shirika niliweka fedha ya Machi benki, katika akaunti nisiyokuwa na kadi yake. Kadi alikuwa nayo mama watoto, Kariakoo.

Zile kilo 60 nilizimaliza kurudisha msimu wa 2021. Alizipima mwenyewe. Daftari lipo, na ameniruhusu kuwaonyesha wanachama wanaotaka kuiga mpango wake. Wafike ofisini siku za Jumatano, baada ya sala ya adhuhuri.

Katibu